Kuiona Musoma Akiwa Mzima

Mama mkwe wangu alikuwa amefika Musoma mara nyingi, lakini kila mara akiwa mgonjwa. Aliijua Musoma ya kitandani: dari lenye doa la maji, dirisha la dawa, benchi refu la kusubiria, na geti la hospitali ambalo aliliingia ameegemea mtu na kulitoka ameegemea mtu. Kwao ni karibu na Butiama, mahali pa mihogo, mtama na ng'ombe. Akiwa na afya hakuwa na sababu ya kuja mjini. Mji kwake ulikuwa jina jingine la homa.

Alikuwa ametoka hospitali, akapitia kwetu Nyasho, mjini humohumo, kupata nafuu na kuwaona wajukuu. Mimi nilikuwa uani nikifungua friji ya mteja, na yeye na mke wangu walikuwa jikoni wakichambua mchicha. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia.

“Mwanangu, mimi nina ombi moja. Nataka niuone huu mji nikiwa mzima. Nitembee na miguu yangu. Nione madukani, nione kule dagaa wanakotoka, nikanyage ziwa. Halafu nipite pale getini pa hospitali, nisiingie.”

“Usiingie?”

“Nipite tu. Kama mtu anayepita.”

Niliweka bisibisi chini. Sikuwahi kusikia safari iliyoelezwa vizuri namna ile, ikiwa na mwanzo, njia na mwisho. Nikasema kupitia dirishani kwamba nitampeleka mimi mwenyewe. Nikamsikia akimwambia binti yake, “Mwambie baba, asante sana.” Alikuwa hatua chache kutoka kwangu.

Tatizo lilikuwa majira. Jembe la mama yule linapumzika wakati wa jua kali tu, kabla mvua za masika hazijaanza. Mvua ikishaanguka, yeye ni wa shamba mpaka mavuno. Na Musoma wakati huo si joto la kawaida. Ni fukuto. Ziwa linatoa mvuke, mvuke hauna pa kwenda, shati linaganda mgongoni tangu asubuhi na nguo zilizofuliwa zinashinda kwenye kamba bila kukauka.

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba. Kazi ya friji nilijifunza kwa kufungua zilizokufa na kwa kusoma vitabu vilivyochoka, nikirudia ukurasa mpaka unikubalie. Jambo la kwanza nililolielewa, na ambalo limenisaidia kuliko mengine yote, ni kwamba friji haitengenezi baridi. Inachofanya ni kulitoa joto ndani na kulitupa nje. Ukiisukuma ukutani mpaka mgongo wake ukakosa hewa, itanguruma mchana kutwa na maziwa yataharibika. Mwili nao ni hivyohivyo. Jasho likikauka, linaondoka na joto. Jasho lisipokauka, mtu anatota tu na joto linabaki naye. Kwa hiyo niliona kazi ni rahisi: kumpa mama maji, kivuli na upepo, na kumpunguzia nguo.

Jaribio la kwanza lilikuwa Bunda, na halikupangwa. Tulikwenda mtaa wa Nyasura kumpongeza mjukuu wake aliyejifungua. Mke wangu akabaki na mzazi, nami nikaona nimtoe mama kidogo, tukatazame soko. Nilibeba chupa kubwa ya maji. Yeye alikuwa amevaa gauni zito la kanisani, gagulo ndani yake, kitambaa kichwani na sweta juu, kwa sababu alitoka kwake alfajiri na alfajiri ya Butiama ina baridi. Kila tulipofika penye kivuli nilisimama mbele yake, nikafungua chupa, nikampa kwa mikono miwili.

“Asante, baba. Nimetosheka.”

“Mama, vua basi hata sweta.”

“Hapana, mimi sisikiagi joto.”

Nilimwamini. Karibu na wauza nafaka alikaa ghafla juu ya gunia la mahindi la mtu, macho yakawa kama ya mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Wanawake wa soko walifika kabla yangu. Mmoja alinisukuma kifuani: “Wewe baba toka hapa, toka kabisa!” Wakamzungushia kanga, wakamvua sweta, wakammwagia maji shingoni. Nilipoitwa tena alikuwa anaongea, lakini tulimpeleka zahanati, na jua lilipozama alikuwa bado na dripu mkononi, akitazama dari jingine.

Kaka wa mke wangu, ambaye ndiye mkubwa wao, alipiga simu siku ileile.

“Shemeji, mama si soda. Huwezi kumtembeza juani halafu ukamrudisha kwenye friji.”

“Ni kweli, shemeji.”

“Akitaka ziwa nitamtumia picha.”

Mke wangu alimsihi kwa siku kadhaa. Mwishowe akakubali safari moja, kwa sharti lililotolewa mbele ya mama mwenyewe: nami niwepo, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanzisha, na mama akianguka tena, basi. Hatatoka Butiama ila kwa ugonjwa. Mama alisikia, akaitikia kwa kichwa. Sote watatu tulielewa kwamba akianguka, Musoma itabaki vilevile alivyoijua, dari na dirisha la dawa.

Nikarudi kwenye tatizo kama ninavyorudi kwenye friji iliyokataa. Maji yalikuwepo. Kivuli kilikuwepo. Mwendo ulikuwa wa polepole. Niliyaeleza yote kwa mke wangu huku akisonga ugali, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

“Ulipompa maji, wewe ulikuwa wapi?”

“Mbele yake.”

“Ukimwangalia?”

“Ndiyo. Nilitaka nihakikishe anakunywa.”

Aliuacha mwiko ndani ya sufuria akashika kiuno. “Baba wee! Basi angekunywaje?”

Wazee wa upande wao wanaushika ukwe kwelikweli. Mama mkwe haweki kitu kinywani mbele ya mume wa binti yake, wala havui vazi, hata kama ni sweta. Kwetu, kwenye vijiji vya wavuvi, mambo hayo yalishalegea nikiwa mtoto. Miaka yote niliyokwenda Butiama nililetewa chakula sebuleni, naye akabaki jikoni, na mimi nikadhani ana kazi nyingi. Kumbe kule sokoni Bunda niliposimama mbele yake na chupa, nilikuwa nimemfungia maji badala ya kumfungulia. Kadiri nilivyomhimiza ndivyo alivyozidi kukauka.

“Basi nendeni ninyi wawili,” nikasema. “Kaka yako nitamweleza.”

Mke wangu alimpigia mama. Jibu lilikuja haraka, na nililisikia kutoka upande wa pili wa meza: “Hapana. Nikirudi hapa nataka niseme nilitembezwa na mkwe. Kutembezwa na mtoto wako mwenyewe, hiyo nayo ni habari?”

Kwa hiyo ilibidi niwepo na nisiwepo. Nilifikiri siku mbili tatu, na jibu lilipokuja lilikuwa rahisi mpaka nikalishuku. Nitatangulia. Nitakwenda mbele mpaka kona, nichague kivuli, niiweke chupa mahali wanapopaona, niendelee mpaka kona nyingine. Wao watafika, mama atakunywa nikiwa sipo. Mke wangu ataniletea chupa, nami kwa kuishika nitajua imepungua kiasi gani. Sikuhitaji kumwona mama akinywa. Uzito wa chupa ungeniambia.

Mengine yalikuwa kazi ya mke wangu. Alimshonea gauni la pamba lisilobana, gagulo likabaki Butiama, na badala ya sweta akawa na kanga, ambayo ukiilowesha na kuiweka shingoni inafanya kazi kuliko feni. Mwavuli mweusi mkubwa ulikuwa wa kwake mama. Kwenye maji nilitia chumvi kidogo na sukari. Alikuja kwetu jana yake jioni akalala, ili siku yenyewe asiianze akiwa amechoshwa na safari.

Tulianzia barabara ya Mukendo mapema, maduka yakifunguliwa. Niliiweka chupa kwenye kibaraza cha fundi cherehani mmoja, nikaondoka. Sijafika mbali nikasikia kelele.

“Baba! Wewe baba! Umesahau maji yako!”

Fundi mwenyewe, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa ananikimbilia na chupa. Nyuma yake nikauona mwavuli mweusi unakuja. Nikamweleza kwa sauti ya chini, haraka. Akapiga makofi.

“Makubwa! Yaani wewe unamkimbia mkwe, na mkwe anakufuata kwa ajili ya maji?”

“Tafadhali, mama, irudishe pale ilipokuwa.”

Aliirudisha, akachukua na kiti akakigeuza kikaelekea ukutani. Kisha akaita kwa vibaraza vilivyofuata, kwa sauti ambayo nadhani ilifika ziwani: “Jamani! Anakuja mama mmoja na mwavuli mweusi! Chupa yake msiiguse, ya ukwe hiyo!”

Kuanzia hapo sikuwa na kazi ngumu. Kila nilipofika, kiti kilikuwa kimeshageuzwa. Kijana wa duka la simu aliniuliza kama mkwe wangu ni mkali sana mpaka namkimbia hivi. Mzee wa viatu aliniambia nisiwajibu watoto, hata yeye alimkimbia wa kwake mpaka alipofariki. Na mke wangu aliponiletea chupa mara ya kwanza, niliishika nikainyanyua, nikainyanyua tena. Ilikuwa nyepesi. Sijawahi kufurahia kitu kutokuwepo kama nilivyofurahia yale maji.

Mwigobero, kwenye soko la samaki, tulifika jua likiwa limepanda. Pale penye samaki joto lina tabaka: la jua, la makarai ya mafuta, na lile la ziwa lenyewe linalokuja chini-chini kama pumzi ya ng'ombe. Nilisimama mbali, nyuma ya wauza sato, lakini sauti yake niliisikia vizuri. Alikuwa ameinama juu ya dagaa.

“Mimi hizi dagaa nimezila tangu nikiwa msichana,” alimwambia muuzaji. “Leo nimekuja kuona kwao.”

“Karibu sana, mama. Na wenyewe wamefurahi, angalia wanavyong'aa.”

“Wamefurahi wapi, wamekufa hawa.”

“Basi wamekufa wakikusubiri.”

Alicheka kicheko kirefu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nioe kwao. Kwangu alikuwa mtu wa sauti ya chini nyuma ya mlango wa jikoni. Nilisimama nikatazama samaki wangu huku nikijifunza kwamba mama mkwe wangu ni mtani.

Mpango wangu wa mchana ulikuwa ukumbi wa kanisa, wenye dari refu na madirisha pande zote. Tungepumzika humo mpaka upepo wa ziwani uanze. Huo upepo nilikuwa na hakika nao: nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kujaza nafasi. Siku nyingi unaanza baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimeongea na mwenye funguo. Tulipofika, mlango ulikuwa na kufuli, na mama aliyekuwa akifagia uwanja akatuambia mwenye funguo ameitwa msibani tangu alfajiri.

Nimeona friji nyingi zikifa kwa sababu ya kitu kidogo kimoja, kwa hiyo sikulalamika. Lakini anga lilikuwa limefunga mawingu meupe mazito, jani halitikisiki, na kanga ya shingoni ilikuwa imelowa bila kukauka hata pindo. Jengo la karibu lenye benchi na feni lilikuwa hospitali. Geti lilikuwa linaonekana.

Mke wangu alisema, “Mama, tukae pale ndani kidogo. Kuna feni.”

“Pale mimi nikiingiaga, hawanitoi.”

“Tunakaa tu kwenye benchi.”

“Lile benchi nalijua. Afadhali nikae barabarani.”

Basi tukashuka kuelekea ufukweni, mahali ambapo ningekuwa na miamba, miti na, nikijaliwa, upepo. Ila barabara ile haina kona. Imenyooka tu katikati ya kuta za nyumba za watu mpaka chini. Nilitangulia, nikaacha chupa juu ya kingo za mtaro, nikaenda mbali nilivyoweza. Mke wangu aliponifikia na chupa, ilikuwa na uzito uleule.

“Hajagusa. Anasema mgongo wako bado ni wewe.”

Nikarudia. Uzito uleule. Nilipogeuka niliona mwavuli unakuja polepole, ukiyumba, na mke wangu akanipungia mkono kwa namna ambayo sikuipenda.

“Maneno yamepungua,” aliniambia nilipowakaribia. “Tangu pale juu hajasema kitu.”

Aliyemsikia mama yule Mwigobero angejua hiyo ni dalili gani. Nje ya ukuta wa nyumba moja mti wa mkungu ulikuwa umetoa matawi barabarani. Kivuli kilikuwa kimoja, kidogo, na mbele hakukuwa na kingine mpaka ziwani. Nikienda juani nitaonekana. Nikikaa kivulini nitaonekana zaidi. Njia zangu zilikuwa zimekwisha, zote. Nikakaa chini ukingoni mwa kivuli, nikawapa mgongo, nikaiweka chupa nyuma yangu. Sikuwa na lingine.

Nikasikia hatua zake zikisimama. Kisha nikasikia kitu kikigusa mchanga. Mama alikuwa ameukalisha mwavuli chini kwa ubavu, umefunguka wote, kati yake na mimi. Watu wa kwao huita hivyo kuweka ukuta.

Nikasikia kifuniko cha chupa kikizungushwa. Nikasikia maji yanamezwa, tena na tena, bila haraka, na mke wangu akimmwagia mengine shingoni. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mwavuli.

“Mkwe.”

Alikuwa hajawahi kuniita moja kwa moja. Kila mara aliniita kupitia mtu.

“Nipo, mama.”

“Umetia sukari nyingi.”

“Nitapunguza, mama.”

“Usipunguze. Nimesema tu.”

Tulikaa hivyo. Alinieleza, yeye nyuma ya mwavuli na mimi nikitazama ukuta wa nyumba ya watu, kwamba mara ya kwanza aliletwa Musoma akiwa na mimba ya mke wangu, na kwamba siku ile gari lilipita sehemu ambayo ziwa linaonekana, lakini alikuwa amelala chali akaona mawingu tu. “Nikasema nitarudi nilione. Nikawa narudi, lakini kila nikirudi nimelala.” Sauti yake ilikuwa imerudia uzito wake. Nilikuwa naipima kama ninavyosikiliza mashine ikishika mwendo.

Hapo ndipo upepo ulipoingia. Kwanza majani ya mkungu yaligeuka upande wa chini, kisha vumbi likanyanyuka barabarani, kisha hewa ya ziwani ikatupiga usoni, safi, yenye harufu ya magugu maji. Ulikuja kama nilivyosema utakuja. Na kitu cha kwanza ulichofanya ni kuuchukua mwavuli. Mwavuli ulijiviringisha kando yangu kama gurudumu na kuelekea mtaroni, na ukuta wetu ukawa umekwisha.

Nikafumba macho kwa nguvu.

“Mama, nimefumba!”

“Fumba hivyohivyo, nimalize!”

Mke wangu alikuwa anakimbilia mwavuli huku akicheka mpaka anashindwa kukimbia. Nyuma yangu mama alikuwa akinywa na kucheka kwa pamoja, akapaliwa, akakohoa, akaendelea kunywa. Jasho langu lilikuwa linakauka. Nililisikia likiondoka shingoni, na nikajua la kwake linaondoka pia.

Ziwani alivua kandambili akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, gauni amelishika kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mwamba, mahali pangu. Hakusema kitu kikubwa. Alimwambia mke wangu maji yana joto kuliko alivyofikiri, na kwamba ziwa ni kubwa kupita kiasi, lingepunguzwa likaletwa na Butiama. Akakaa humo hadi vidole vikakunjamana.

Tulirudi jua likiwa limelegea, upepo ukitusukuma mgongoni. Sasa nilitembea nyuma yao, kwa kuwa hakukuwa tena na haja ya chupa. Ilikuwa tupu. Niliibeba mwenyewe.

Getini mlinzi alimwona mzee anakaribia akiwa na mwavuli, akafanya anachofanya kila siku: alisimama, akafungua ubavu mmoja wa geti.

“Shikamoo, bibi. Karibu. Mgonjwa yuko wapi?”

“Marahaba. Hakuna mgonjwa.”

“Umekuja kuona mtu?”

“Hapana, baba. Mimi napita tu.”

Mlinzi alitutazama sisi wawili, akatafuta maelezo, hakuyapata. Mama alisimama katikati kabisa ya geti lililofunguliwa, akaangalia ndani kwa muda, lile benchi refu, lile dirisha. Kisha akanyoosha mkono kwa binti yake.

“Nipe simu. Nipigie kaka yako.”

Simu ilipokelewa mara moja. Alikuwa na sauti kubwa, hatukuhitaji kuisogelea.

“Mama, uko wapi?”

“Niko hospitali.”

Tukasikia kiti kikianguka kule aliko. “Nilisema! Nilisema mimi! Huyo fundi yuko wapi? Mpe simu!”

“Sikiliza. Niko hospitali, getini. Nje. Nimesimama na miguu yangu, nimeona dagaa wanakotoka, nimekanyaga ziwa, na mkwe wangu yuko nyuma hapa na chupa. Mlinzi amenifungulia geti, nimekataa.”

“Umekataa nini?”

“Kuingia. Napita tu.”

Akamrudishia mke wangu simu bila kuaga. Akafunga mwavuli, kwa maana jua halikuwa tena na la kutufanya, akamwambia mlinzi ajifungie geti lake asije akaingia mtu ambaye haumwi, na akashika njia ya Nyasho. Mlinzi alilifunga akitabasamu bila kujua kwa nini. Tulipokuwa tumeliacha nyuma, aligeuka, si kwa binti yake, bali kwangu.

“Mkwe, mwakani Mwanza.”

“Sawa, mama,” nikasema, na nikaanza papo hapo kufikiria barabara zake, zipi zina kona na zipi hazina.